Nifungie, Lakini Usifunike

Mfuko wa karatasi unatua mezani. Kitako chake kina duara la mafuta, na pembeni karatasi imelegea kwa unyevu. Ndani kuna boksi la baga, na likifunguliwa matone yanachuruzika kutoka kwenye kifuniko na kuangukia mkate. Mkate wa juu umekunjamana kama ncha ya kidole kilichokaa majini muda mrefu. Wa chini hauinuliki: umegandana na karatasi, umekuwa mwekundu kwa gochujang, ile rojo ya pilipili ya Kikorea, na maji ya kimchi, na ukijaribu kuubandua unakukatikia mkononi. Kabichi imenywea. Ni nyama tu iliyofika salama.

Dakika 20 kabla ya hapo, baga hiyohiyo ilikuwa nzuri.

Swali hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nini hasa hutokea ndani ya dakika hizo 20, na nani mwenye uwezo wa kukizuia: mpishi, anayeileta, au anayeagiza? Baga zenye ladha za Kiasia ni miongoni mwa vyakula vilivyofikiriwa kwa makini zaidi. Kuna chachu, utamu, ukali, mafuta na kitu kinachomumunyika, vyote katika tonge moja. Inauma kuona kazi hiyo yote ikiharibikia njiani.

Lawama ya kwanza: umbali

Wengi hulaumu safari. Chakula kimechelewa, basi kimeharibika. Lakini baga ya kawaida, ya nyama na jibini tu, hupita njia hiyohiyo kwa muda uleule na ikafika ikiwa inalika vizuri. Umbali peke yake hautoshi kueleza.

Lawama ya pili inaangukia sosi, na hiyo ina uzito zaidi. Kabichi ina maji zaidi ya asilimia 90. Kimchi ni kabichi iliyotiwa chumvi ikachachuka, kwa hiyo inakuja na maji yake. Achari ya figili nyeupe na karoti hutoka moja kwa moja kwenye siki. Ukiongeza soya na sosi nyepesi ya pilipili, baga hii hubeba maji mengi kuliko binamu yake wa kawaida.

Nami ningeishia hapo, ila kuna jambo moja lisilokaa sawa.

Mara nyingi sehemu iliyolowa vibaya ni mgongo wa mkate wa juu. Na mgongo huo haugusi sosi hata kidogo.

Mgongo wa mkate

Kinachougusa ni mvuke.

Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 hujaza karibu lita 1.7. Boksi lenye upana wa sentimita 12 kila upande na kina cha sentimita 8 halifiki hata lita 1.2. Maana yake ni kwamba kiasi kidogo mno cha maji, chini ya kijiko cha chai, kinatosha kulijaza boksi zima. Na nyama iliyotoka kwenye chuma sasa hivi huendelea kutoa maji kwa dakika kadhaa. Mvuke unapanda, unakutana na kifuniko kilichopoa, unarudi kuwa maji, unadondoka. Mkate umekaa katikati ukipikwa upya, safari hii kwa mvuke.

Karatasi ya foili ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haipitishi chochote. Plastiki ngumu inaifuata. Karatasi isiyopitisha mafuta, ikizungushwa mara moja tu na kuachwa wazi juu, huruhusu sehemu ya mvuke itoke. Boksi la karatasi ngumu au la nyuzi za miwa hunyonya kidogo, lakini hata hilo linahitaji tundu.

Jikoni kuna dawa mbili rahisi. Ya kwanza ni kuipumzisha nyama dakika mbili juu ya waya kabla ya kuifunga. Maji ya juu hukauka, na mchuzi wa ndani hutulia badala ya kumwagikia mkate. Ya pili ni kuukausha mkate upande wa ndani juu ya chuma, mpaka upate rangi ya kahawia sawasawa, si michirizi miwili mitatu. Tabaka hilo kavu huchelewesha maji. Halizuii milele, lakini dakika kumi za ziada ndizo tunazozitafuta.

Mpishi mwenye oda 30 mbele yake hana dakika mbili za kumpa kila mtu. Naelewa. Ndiyo maana nadhani sehemu kubwa ya kazi iko kwa anayeagiza.

Kilichopita motoni

Ushauri wa kawaida ni kuomba kila kitu kifungwe kando. Nimeugeuzageuza ushauri huo na sikubaliani nao.

Ukitenganisha kila kitu, unachopokea ni vikopo saba na kazi ya kupika. Tena kuna ladha zinazohitaji kukaa pamoja. Sosi ya teriyaki iliyoivia juu ya nyama ina ladha tofauti kabisa na teriyaki inayomwagwa baadaye kutoka kwenye kikopo: ya kwanza imeshika, ya pili inateleza na kuishia kwenye kisahani.

Kanuni ninayoiamini ni hii: kilichopita motoni kisafiri na nyama, kisichopita motoni kikae kando.

Sababu yake ni maji. Moto umeshayapunguza. Teriyaki ni soya, mirin (mvinyo mtamu wa mchele wa Kijapani) na sukari vilivyochemshwa hadi vikapungua na kung'aa. Ikiiva sawasawa inapaka mgongo wa kijiko bila kudondoka. Haina haraka ya kuingia kwenye mkate. Bulgogi, yaani nyama nyembamba iliyolowekwa kwenye soya, sukari, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, ikikaangwa hadi mchuzi wake ukauke, nayo inasafiri vizuri. Vitunguu vilivyokaangwa polepole, vivyo hivyo. Uyoga, vivyo hivyo.

Na si ajabu kwamba ladha hizo ndizo zilizotangulia. MOS Burger ya Japani, iliyoanza mwaka 1972, iliingiza baga ya teriyaki mwaka 1973. Nchini Korea Kusini, Lotteria ilileta baga ya bulgogi mwaka 1992. Zote mbili hutegemea sosi iliyoshikana na nyama, na zote zilitoka kwenye mikahawa ambayo wateja wengi hubeba chakula na kuondoka.

Upande wa pili wako wale wasiojua moto: saladi ya kabichi, achari, matango, giligilani, sosi nyepesi ya pilipili, ponzu (soya yenye maji ya ndimu), na kimchi mbichi. Hawa wakae kando.

Kimchi ina njia ya tatu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ikikaangwa dakika mbili au tatu kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, maji hukauka, kingo zinapata rangi, ukali wa chachu unapoa na utamu unajitokeza. Kijiko kimoja kikubwa kilichojaa kinatosha baga moja. Mikahawa mingi inayouza baga ya kimchi ina chuma cha moto palepale, kwa hiyo si ombi kubwa.

Mayonesi ndiyo pekee inayoivunja kanuni. Haijapita motoni, lakini sehemu yake kubwa ni mafuta, na mafuta yaliyopakwa juu ya mkate mkavu huzuia maji. Mayonesi yenye sriracha (sosi ya pilipili) au gochujang na ibaki ndani, mradi ipakwe kwenye mkate. Ikiwekwa juu ya nyama ya moto huachana: mafuta yanakwenda huku, maji kule, na unachokikuta nyumbani ni tope la rangi ya chungwa.

Kuhusu yai la kukaanga lenye kiini kibichi, nitasema kwa ufupi. Liache. Kiini kitapasuka kabla hujafika.

Mchele una sheria zake

Hapa ndipo fikra zangu zote zilipoyumba.

Kila nilichosema hadi sasa kinahusu mkate wa ngano. Lakini katika baga hizi, mkate mara nyingi si mkate. MOS Burger ilianza kuuza baga ya mchele mwaka 1987: wali ulioshindiliwa ukawa vipande viwili vya duara na kubanikwa kidogo. Mwaka 2013 Keizo Shimamoto alileta baga ya rameni, tambi za Kijapani, kwenye soko la Smorgasburg, Brooklyn, ambako tambi hizo zilizochemshwa na kushindiliwa zilichukua nafasi ya mkate. Kuna pia bao, ule mkate mweupe unaopikwa kwa mvuke na kukunjwa katikati.

Ukimwambia mpishi aache wazi boksi la baga ya mchele, unaiharibu.

Wali ukipoa, wanga wake hukaza. Punje zinakuwa ngumu, zinaachana, na baga inabomoka kwenye tonge la kwanza. Mvuke uleule unaoua mkate wa ngano ndio unaoulinda wali. Kwa hiyo baga ya mchele ifungwe kwa kubana, kwenye karatasi isiyopitisha mafuta, na iliwe ikiwa bado ya moto. Wala usiivue karatasi yote: ifungue nusu, ushike nusu iliyobaki, kwa sababu karatasi ndiyo inayoishikilia.

Bao nayo inataka mvuke, ila inaogopa matone. Ikiachwa wazi hukauka na kuwa na ngozi ngumu ndani ya dakika chache. Ikifunikwa kwa plastiki inapata madoa ya maji yanayonata. Karatasi ya jikoni iliyokunjwa na kulazwa chini ya kifuniko hunywa matone na kuuacha mvuke ubaki. Jambo dogo sana, lakini matokeo yake unayaona kwa macho.

Rameni sina dawa yake. Uzuri wake uko kwenye kingo zilizobanikwa zikawa kavu, na katikati laini. Ukifunika, kingo zinalainika. Ukiacha wazi, katikati panakuwa kama mpira. Hiyo ikalie pale ilipopikwa.

Basi kabla ya kusema neno lolote kuhusu kufunga, angalia kwanza ni kitu gani kimeshika nafasi ya mkate.

Maneno ya oda

Kisanduku cha maelezo kwenye programu ya kuagizia huishia kuwa mstari mmoja kwenye karatasi nyembamba inayochapwa jikoni. Mpishi anausoma akiwa amesimama, mkono mmoja una kijiko bapa. Ukimwandikia aya, atasoma maneno manne ya mwanzo.

Weka jambo kwanza, adabu baadaye: "Kabichi na sosi ya pilipili kando. Kimchi ikaangwe. Asante." Maombi mawili ni mazuri, matatu ndiyo mwisho. Ukienda mwenyewe, ombi la kifuniko mwambie anayefunga kwenye kaunta kwa mdomo, maana mara nyingi si yeye aliyesoma oda: nifungie, lakini usifunike hadi mwisho, acha pembe moja wazi.

Kuku wa kukaangwa wa mtindo wa Kikorea, anayekaangwa mara mbili, hustahimili safari kuliko kuku wengine, kwa sababu mkaango wa pili huondoa maji yaliyopanda kutoka ndani hadi kwenye ganda. Hata hivyo, sosi yake iwe kando. Katsu, yaani nyama iliyokaangwa ikiwa imepakwa panko (chenga za mkate za Kijapani), haistahimili kiasi hicho. Chenga zake ni kubwa na hunyonya haraka.

Chipsi agiza kavu, zenye chumvi tu au unga wa mwani na ufuta. Zilizomwagiwa kimchi na jibini hazifiki.

Jambo lisilo la ladha

Hili naliweka peke yake kwa sababu ni zito. Baga hizi hubeba vizio vikubwa vingi kwa pamoja, yaani vyakula vinavyoleta mzio: soya, ngano, ufuta, mayai, mara nyingi samaki na kamba. Soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa ngano pia. Gochujang nyingi za dukani zina ngano au shayiri. Kimchi nyingi hutiwa sosi ya samaki au kamba waliochachushwa, hivyo baga ya uyoga yenye kimchi inaweza isiwe ya mboga tupu hata kidogo.

Mwenye mzio asitegemee kile kisanduku cha maelezo. Apige simu, au aulize ana kwa ana, na ataje kizio kwa jina: "Kimchi yenu ina kamba?" Swali la "kuna kitu kibaya?" hujibiwa "hapana" na mtu mwenye haraka.

Nyama ya kusaga nayo inatakiwa ifike nyuzi 71 katikati, kuku nyuzi 74. Baga inayobebwa si mahali pa kuomba nyama iliyoiva nusu, kwa sababu baada ya hapo itakaa kwenye joto la vuguvugu, na vuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda.

Kaunta hadi mlangoni

Ukiambiwa dakika 15, fika ya 13. Baga iliyokaa dakika kumi kwenye rafu chini ya taa ya joto imeshamaliza dakika zake nzuri kabla hujaishika.

Fungua mfuko palepale. Hesabu vikopo vya sosi. Inua pembe ya kifuniko upana wa kidole kimoja. Kama boksi lina vitundu, hakikisha havijazibwa na kibandiko cha oda. Hilo hutokea mara nyingi ajabu. Kinywaji cha baridi kisikae mfuko mmoja na baga: kikopo kinatoa jasho, jasho linalowesha karatasi, na kitako cha mfuko kinaachia.

Kwenye gari, mahali pazuri ni sakafuni mbele ya kiti cha abiria, panapolala sawa. Kiti chenyewe kimeinama nyuma, na baga ndefu yenye achari ndani huteleza tabaka kwa tabaka.

Dakika nne za jikoni

Weka kikaango kikavu kwenye moto wa wastani kabla hata ya kunawa mikono. Fungua boksi wazi kabisa, uinue mkate wa juu na uulaze ubavuni. Acha mvuke uondoke.

Kama mkate wa chini unabanduka, uweke pamoja na wa juu kwenye kikaango, upande wa ndani ukiangalia chini, sekunde 45 hadi 60. Usiukandamize. Ukiusikia unateleza wenyewe ukitikisa kikaango, umekauka. Utoe, kisha irudishe nyama kikaangoni dakika moja kila upande, ikiwa imepoa. Kama ina teriyaki, punguza moto, maana sukari yake huungua upesi na kuacha uchungu.

Wakati huo kamua kabichi kwa ngumi juu ya sinki. Kweli, kamua. Kijiko kizima cha maji kinaweza kutoka kwenye konzi moja. Achari ilaze juu ya karatasi ya jikoni.

Kisha jenga: mkate wa chini, mayonesi kama haikupakwa tayari, nyama, kimchi iliyokaangwa, halafu vya baridi, na sosi ya pilipili juu ya kabichi, usiitie kwenye mkate. Funika. Sukuma mkate chini kidogo kwa kiganja, mpaka usikie kabichi ikilia.

Kilichobaki

Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili, au saa moja kama joto la mahali limepita nyuzi 32, kitupwe.

Kilichowahi, kitenganishe kwanza. Nyama kwenye chombo chenye kifuniko, ndani ya friji. Kesho yake ipashwe kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika sita hadi nane, ifike nyuzi 74 katikati. Maikrowevu itaipasha pia, lakini ganda la kuku litalegea. Kimchi haina shida, itaendelea kuchachuka polepole. Saladi ya kabichi iliyokwisha kutiwa sosi uile usiku huohuo au uiache.

Mkate usiuweke kwenye friji. Baridi ya friji huukausha haraka kuliko kuuacha mezani, kwa kukaza wanga, jambo lilelile linaloupata wali. Kama haujagusa sosi, ufunge kwenye mfuko na uuache juu ya kabati hadi asubuhi, au uugandishe kabisa. Kama umegusa sosi, haufai kuhifadhiwa.

Na kikopo cha sosi ambacho hakikufunguliwa, kiandike tarehe.